Kimya cha Kona ya Kaskazini

Saa tatu kasoro asubuhi, rubani wa ndege ya abiria alitoka kwenye wingu akaona tumbo la ndege ya mizigo likipita juu ya kichwa chake. Kwenye kanda iliyorekodiwa hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayesoma maandishi ya mbali, "Naiona misumari ya bawa lake." Kifaa cha ndani ya ndege kikamwamuru ashuke, akashuka, na abiria zaidi ya mia moja wakamwagikiwa chai bila kujua ni kitu gani kimewakosa.

Chini, katika chumba cha rada, hakuna kilicholia. Hapo ndipo uhalifu wenyewe ulipokuwa, ingawa kwa wakati ule hakuna aliyeuita kwa jina hilo. Chumba kile kina kengele ya ukaribu yenye kazi moja tu. Ndege mbili zikianza kuelekeana, inalia mapema, kwa mlio mbaya kiasi kwamba ukiusikia mara moja utauota usiku. Asubuhi ile kengele ilikaa kimya huku ndege mbili zikitafutana ndani ya wingu.

Mpelelezi kutoka ofisi ya ajali za ndege aliwasili mchana, kwa gari, na miguu imemvimba kwa safari. Watu wa anga walimwita Mama Ajali. Hakuwa anapanda ndege. Aliyemuuliza sababu alijibiwa kwamba mpishi naye hali kila mahali.

"Hakuna aliyekufa," mkuu wa kituo alimwambia mlangoni, kabla hata ya salamu.

"Habari za kazi, Mkuu."

"Nzuri. Nilitaka tu ujue hilo kwanza."

Nyuma ya Mkuu palikuwa na ubao mkubwa ulioandikwa SIKU BILA TUKIO, na chini yake namba, mia mbili na kumi na nne. Mkuu mwenyewe ndiye aliyekuwa akiibadilisha kila asubuhi kwa kalamu nene, na wageni wote walipigwa picha hapo.

"Mbona hujaifuta?" Mama Ajali aliuliza.

"Nitaifuta vipi? Mashine haikuhesabu tukio lolote."

"Haikuhesabu kwa sababu haikulia."

"Ndiyo hivyo. Isipolia, haihesabu." Mkuu alilisema hilo kwa utulivu kabisa, kama mtu anayetaja saa za kufungua duka.

Lililomtia hofu Mama Ajali si Mkuu. Ni kwamba chumba cha rada hakifungwi. Duka likiibiwa utashusha mlango, ukae na polisi mpaka kesho. Hapa, wakati yeye anavua viatu vya vumbi, watu elfu kadhaa walikuwa juu, wamelala, wanalisha watoto, na mmoja kati ya waliokuwa chini alikuwa ameifanya kengele yao kuwa kiziwi. Asipompata mtu huyo wala kujua amefanyaje, jioni ndege zitaongezeka na kengele inaweza kunyamaza tena.

Aliamuru mambo mawili. Kwanza, kona ya kaskazini ya anga, mahali ndege zile zilipokutana, ihamishiwe meza ya jirani. Pili, asiwepo mtu wa kugusa mpangilio wa mashine yoyote. Fundi wa rada, mtu mwembamba mwenye bisibisi tatu mfukoni, alilifunga kabati la mitambo na kumkabidhi ufunguo.

"Sasa jaribu meza ile," Mama Ajali alimwambia.

Fundi akaketi kwenye meza ya kaskazini iliyobaki tupu, akachomeka kadi yake. Kila mtu wa chumba kile alikuwa na kadi. Ukiichomeka, meza inakujua. Inakuwekea mwanga uliouzoea na herufi za ukubwa unaoupenda, na kengele yoyote ikilia inaandikwa kwako. Akaingiza ndege mbili za mazoezi, zile zilizopo kwenye kioo tu, akazielekeza zikutane. Kengele ikalia. Chumba kizima kiliruka, na mwanamke mmoja aliyekuwa akiongea na rubani wa kweli alikosa neno akabaki mdomo wazi.

"Iko nzima," Fundi alisema. "Waya nzima, spika nzima. Kama asubuhi haikulia, muulizeni aliyekuwa amekaa hapa."

Aliyekuwa amekaa pale alikuwa katika chumba cha chakula, peke yake, mbele ya sahani ambayo hakuigusa. Marubani walimpenda kwa namna anavyoongea polepole hata mambo yakichafuka, na wenzake wakampa jina la Sauti. Siku hiyo sauti yenyewe ilikuwa imekauka.

"Uliizima?" Mama Ajali aliuliza.

"Kengele ile haizimiki ukiwa kitini, Mama. Ingekuwa inazimika ningeizima zamani, inanisumbua mpaka ndotoni."

"Fundi amejaribu, inalia."

"Kwangu haikulia."

"Nieleze ulivyoingia kwenye kiti."

"Nilimpokea zamu mwenzetu tunayemwita Mpwa. Nilisimama nyuma yake kama tunavyofanya siku zote. Huruhusiwi kukaa mpaka picha yote ya ndege iwe imeingia kichwani mwako. Ilipoingia nikamwambia ndege zote ninazo, akanyanyuka mbio kwenda chooni. Mimba changa ile, inamtesa asubuhi. Nikakaa."

"Ulikuwa unaona vizuri?"

"Nilikuwa naona kupita kiasi. Herufi kubwa kama za bango la barabarani, zinafunika nusu ya kioo. Nikasema ndege zikipungua nitarekebisha."

"Ukarekebisha?"

"Hazikupungua." Alisukuma sahani. "Ya mizigo ilijificha nyuma ya maandishi ya nyingine. Sikuiona. Hilo ni langu, silikatai. Lakini kengele imewekwa kwa ajili ya siku kama hiyo."

"Unaogopa kufukuzwa?"

Sauti alifikiri. "Naogopa kitu kingine. Naogopa labda ililia, na mimi nisiisikie. Kama ni hivyo, sistahili hata kuongoza magari."

Mama Ajali aliwahi kuhoji waongo wengi, na waongo humuogopa yeye. Huyu alikuwa akiyaogopa masikio yake mwenyewe.

Mpima usalama wa kituo alimkaribisha ofisini kwake, akampa kiti kizuri na yeye akakaa kwenye kibovu. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye sweta hata wakati wa joto, na chumba kizima kilimwita Mjomba.

"Zamani tulikuwa tunapima usalama kwa kuhesabu walioanguka," alisema. "Mimi nikasema hapana, tuhesabu waliokaribia. Kila kengele ya kweli tuiandike. Za uongo ninazifuta mwenyewe, maana zipo nyingi. Mtu akifikisha tatu za kweli, anatoka kwenye kiti mpaka afundishwe upya."

"Sheria hiyo umeitunga wewe?"

"Mimi. Na imesaidia. Watu wamekuwa makini."

"Sauti anazo ngapi?"

"Moja, ya muda mrefu."

"Na huyo aliyempisha, Mpwa?"

"Mbili. Lakini ni za zamani. Amebadilika sana."

"Wanamwita Mpwa kwa sababu yako?"

"Mtoto wa dada yangu. Dada alifariki huyu hajaota meno, nikamlea. Aliposikia naitwa Mjomba kazini alicheka wiki nzima." Akatabasamu, kisha tabasamu likapotea. "Mama, nina ombi moja. Zamu ya saa kumi ni yake tena. Hali yake si nzuri. Ungesema tu neno, apumzike leo."

"Nitaliangalia."

"Nitashukuru sana," alisema Mjomba, na mkono aliompa ulikuwa na jasho.

Mama Ajali alimwona kuwa mlezi mwema, basi. Alitoka pale akimfikiria zaidi Mkuu na ubao wake. Mtu anayepigwa picha na namba anaweza kufanya mengi ili isirudi sifuri. Alimfikiria na Fundi pia, ambaye kila alipojibu alisema kitu ni kizima kabla ya kuulizwa kama ni kibovu.

Mpwa alifika mapema kwa zamu yake. Alikuwa na miwani juu ya kichwa na biskuti mkononi, na ndiye mtu pekee siku ile aliyeonekana hana hofu.

"Mjomba anataka nilale kitandani," alisema. "Amenipigia simu mara nne tangu asubuhi. Nimemwambia mimba si ugonjwa."

"Ana wasiwasi na wewe."

"Alikuwa nao zamani, na alikuwa na haki. Nilikuwa na kengele mbili, bado moja nitolewe. Nilikuwa naingia humu kwa hofu. Nikiona ndege mbili kwenye kona ile, naanza kutetemeka kabla hazijafanya lolote." Akauma biskuti. "Ikapita. Mwezi mzima sasa, hata moja."

"Hata moja ya kweli?"

"Hata ya uongo."

Mama Ajali alikuwa akiondoka, akasimama. "Wenzako wanapata za uongo?"

"Karibu kila siku. Wananiuliza nimekunywa dawa gani."

Mpwa alishusha miwani ili asome ratiba ya zamu ukutani, akasogea karibu mpaka pua ikakaribia karatasi.

"Kwenye kioo unaweka herufi za ukubwa gani?"

"Kubwa kabisa. Wananicheka kwamba naongoza ndege mbili tu, maana nyingine hazipati nafasi."

Mama Ajali aligeuka. Alirudi chumba cha chakula kwa mwendo ambao hakuwa ameutumia kwa miaka. Sauti alikuwa palepale.

"Ulipokaa asubuhi, ulichomeka kadi yako?"

Sauti alitazama mlango kwanza.

"Ukibadilisha kadi, kioo kinazimika kidogo," alisema. "Ni kitambo kidogo tu, lakini nilikuwa na ndege sita kwenye kona. Sikutaka zinipotee machoni. Basi unakaa na kadi ya mwenzako, kukitulia unaweka yako. Wote tunafanya hivyo, Mama. Ni kosa, lakini tunafanya. Nilipoondolewa kitini nikamrudishia yake."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani ni kosa dogo, na tayari nina kubwa."

"Kwa hiyo meza ilidhani wewe ni Mpwa. Herufi zake." Alivuta kiti. "Kuna namna kadi inaweza kuifanya kengele isilie?"

"Kadi ya mwanafunzi. Mwanafunzi tunamzimia kengele ili ajifunze kutumia macho, na mwalimu anasimama nyuma yake. Lakini Mpwa si..." Uso wake ulibadilika taratibu, kwanza nafuu, kisha kitu kibaya zaidi ya hofu aliyokuwa nayo. "Mungu wangu. Anakaa pale kila siku."

"Nani anaweza kuirudisha kadi ya mtu iwe ya mwanafunzi?"

"Watatu tu. Mkuu, Fundi na Mjomba."

Mama Ajali hakutaka kuwauliza. Kila mmoja angewatupia wawili wengine. Lakini wawili kati yao, kengele isipolia, wangefikiria waya au mtu aliyekaa kwenye kiti. Mmoja tu ndiye angefikiria kadi.

"Wewe ni mwalimu," alimwambia Sauti. "Ndege za mazoezi unaweza kuziingiza bila Fundi kujua?"

"Naweza."

Saa kumi ilipofika, aliwasimamisha wale watatu nyuma ya kioo kikubwa cha chumba cha wageni, mahali pa juu unapokiona vizuri chumba chote cha rada. Mbele yao, ukutani, palikuwa na kioo kingine kilichoonyesha anga yote kama inavyoonekana mezani.

"Nimeirudisha kona ya kaskazini kwenye meza yake," Mama Ajali alisema. "Fundi ameshathibitisha kengele ni nzima."

"Hata sasa hivi ni nzima," Fundi alisema.

Chini, Mpwa alikaa, akavuta kiti, akachomeka kadi yake. Mjomba alishika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake.

"Nilikuomba apumzike," alisema kwa sauti ndogo.

"Amesema mimba si ugonjwa."

Kwa muda hakukuwa na kitu. Ndege zilitembea polepole kama sisimizi ukutani. Kisha mbili zikaanza kuelekeana, moja kutoka mashariki, nyingine kutoka kaskazini, zikiwa kimo kimoja.

"Mbona zile zinaelekeana hivyo?" Mkuu aliuliza.

"Itamwita sasa hivi," Fundi alisema. "Nimeijaribu kwa mikono yangu."

Haikumwita. Mpwa alikuwa amekaa wima, mikono juu ya meza, hafanyi chochote. Mama Ajali hakuwa anaitazama rada. Alikuwa akitazama nyuso tatu.

"Mbona hazitenganishi?" Mkuu alianza kutokwa jasho. "Amelala yule? Mpigieni simu. Simu iko wapi?"

"Spika," Fundi alisema. Alikuwa tayari anaelekea mlangoni. "Ni spika, lazima ni spika. Nipe ufunguo wa kabati, Mama. Nipe ufunguo."

Mama Ajali hakusogea. Ndege zikakaribiana mpaka maandishi yake yakapandana. Mjomba aliachia kiti, akapiga kioo kwa viganja vyote viwili.

"Toa kadi!" Sauti yake ilitoka kama ya mtoto. "Mwambieni atoe kadi. Aweke nyingine, yoyote, ya Fundi, ya yeyote. Atoe hiyo kadi."

Fundi alisimama mlangoni. Mkuu alibaki na simu sikioni. Ukutani, ndege mbili zikapita moja ndani ya nyingine, zikaendelea na safari zao bila shida, maana hazikuwa na mtu ndani.

"Ni za mazoezi," Mama Ajali alisema. "Kona halisi bado iko meza ya jirani. Sasa niambie, Mjomba. Wenzako wamefikiria usingizi na spika. Wewe umejuaje ni kadi?"

Mjomba aliteleza na kioo mpaka akakaa sakafuni, sweta likapanda mgongoni.

"Alikuwa anatetemeka," alisema. "Mnamwona leo, hamkumwona mwezi uliopita. Alikuwa hali chakula. Kengele zenyewe ndizo zilizokuwa zinamwogopesha akosee. Nikasema nimpe muda kidogo bila kengele, apate moyo, kisha niirudishe. Ni makini, nikasema, ataona mwenyewe."

"Mwanafunzi anasimamiwa na mwalimu nyuma yake. Nyuma yake alikuwepo nani?"

"Nilikuwa naangalia huku ofisini. Kila zamu yake nilikuwa naangalia."

"Leo asubuhi?"

"Alishamaliza zamu. Nilikwenda kunywa chai." Alijifuta uso. "Sikujua kadi imebaki."

"Lakini ulijua baadaye. Sauti amekaa chumba cha chakula tangu asubuhi anajiuliza kama amekuwa kiziwi. Na wewe ulinipa kiti kizuri."

"Usingefunga kabati, ningeirekebisha kadi."

"Ungeirekebisha, na Sauti angebaki na kosa."

Mjomba hakukataa. Sheria ya kengele tatu alikuwa ameitunga yeye, ikamfikia mtoto wake, na badala ya kwenda kwa Mkuu kusema sheria ina kasoro, alichagua kuziba mdomo wa kengele. Mama Ajali aliona hasira ikimpanda, na chini ya hasira bado ile hofu ya mchana, maana wapole namna hii ndio asiojua jinsi ya kujilinda nao.

Mlango ulifunguka. Mpwa aliingia na kadi yake mkononi, Sauti nyuma yake. Alikuwa ameambiwa jambo moja tu, kwamba ni zoezi, asizitenganishe ndege, asubiri kengele. Alikuwa ameisubiri.

"Haikulia," alisema. Alimtazama Mama Ajali, kisha Mkuu, kisha mtu aliyekaa sakafuni, na kwa huyo macho yakabaki. "Mjomba?"

Mjomba alivuta sweta lake chini.

"Mwezi mzima," Mpwa alisema taratibu, "nilikuwa narudi nyumbani nakuambia leo hakuna kengele. Ulikuwa unanipongeza."

"Mwanangu, nilitaka..."

"Zilikuwa ngapi? Za kweli. Ambazo zingelia."

Mama Ajali alifikiri Mjomba atasema hajui. Lakini alikuwa amehesabu watu waliokaribia kufa kwa nusu ya maisha yake, na hakuweza kuacha kuhesabu hata pale alipotaka.

"Nne," alisema.

Mpwa aliweka mkono tumboni, si kwa kichefuchefu safari hii. Alitafuta ukuta akauegemea. "Wakiwa na watu?"

"Zote zilikuwa na watu."

Hakulia. Aliiweka kadi kwenye meza ya wageni, mbele ya Mama Ajali, akaisukuma kwa kidole kimoja, akatoka. Mkuu naye alikuwa bado ameshika simu, na alipokumbuka kuirudisha mahali pake alipakosa mara mbili. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, kwamba atakwenda kuufuta ubao. Mama Ajali akamwambia aanze kwa kumwita polisi, ubao utangoja.

Jioni kona ya kaskazini ilirudishwa kwenye meza yake kweli. Sauti alisimama nyuma ya mwenzake mpaka picha yote ikamwingia, akakaa, akachomoa kadi iliyokuwapo na kuchomeka yake. Kioo kilizimika. Chumba kizima kilikaa bila kupumua mpaka kikawaka, na ndege zote zikawa palepale, kwa herufi ndogo.

Mpwa alikuwa kwenye korido, amebeba vitu vyake kwenye mfuko, pale kengele ilipolia ndani. Ililia kwa ubaya wake wote. Akasikia sauti ya polepole ikimwambia rubani fulani ageuke kulia na apande, na rubani akijibu kwamba amegeuka. Mwezi mzima alikuwa hajausikia mlio ule. Alisimama na mfuko wake mpaka uliponyamaza wenyewe.